Karatasi Chini ya Chungu

Velta alipohamia kwa bintiye, Jelgava,
aliniachia mlangoni vitu vitatu:
ufunguo wa sanduku la barua,
siki nusu chupa,
na mmea usio na jina.
"Ojārs," alisema, teksi ikinguruma chini,
"umetengeneza redio miaka arobaini,
huu hautakushinda."
Kisha lifti ikammeza.

Nikauweka dirishani, juu ya bomba la joto,
tukatazamana.
Majani manene, mazito, kama ndimi
za watu waliokatazwa kusema.
Kamba mbili ndefu zisizo na jani hata moja
zilipapasa hewa mchana kutwa;
asubuhi nilizikuta zimelishika pazia.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Huyu nimpe nini?
Nikampa maji. Nikampa tena maji.
Jani moja likageuka njano, likaanguka
kwa mlio mdogo, kama kifungo cha koti.

Chini ya chungu palikuwa na karatasi
iliyokunjwa mara nne.
Maji yalikuwa yameshakula wino.
Nikaichukua ile lenzi ya kusomea namba za vipuri,
nikainama chini ya taa hadi shingo ikakakamaa:
*kila mwezi*
*isizidi*
*kumi na nane.*

Baridi yote ile niliishi kwa maneno hayo.
Kila mwezi: nikamwagilia mara moja, tarehe mosi, kikombe kimoja.
Isizidi: nikapunguza. Sijui nini, lakini nikapunguza.
Kumi na nane: nikazungusha koki ya bomba
mpaka kipimajoto kikatii,
nikavaa sweta mbili,
nikala supu nimefunga skafu.
Na mmea, niamini, ukanawiri.

Ila jina.
Nilisafiri na jani ndani ya kofia.
Muuza maua pale Sokoni Petro akasema fikusi
bila kuinua macho kwenye chenji yake.
Mfamasia akalinusa, akasema usile.
Skaidrīte wa maktaba ndiye aliyelilaza mezani,
akafungua vitabu vitatu, akilamba kidole,
akavifunga vyote.
"Ua la nta," akasema. "Marehemu nyanya alikuwa nalo.
Vile vikonyo vikavu usivikate kamwe.
Huchanua palepale, kila mwaka, kwenye kikonyo kilekile."

Jumapili iliyopita nilikuwa nimevikata.
Kumi na kimoja. Nilivipanga juu ya gazeti
kama njiti za kiberiti zilizokwishawaka,
nikasimama kuitazama kazi yangu
kwa fahari ya kinyozi.
Nilirudi kwa tramu, jani kichwani,
nikiogopa macho ya kondakta.

Julai, saa tano usiku,
mbingu bado nyeupe upande wa bahari,
nikaamshwa na harufu.
Nilidhani jirani anapika jamu.
Nyuma ya pazia, pale miwani yangu ilipokosea,
kikonyo kimoja kilikuwa kimesalimika,
nacho kimebeba mpira wa nyota za waridi,
kila nyota na tone lake la asali,
ngumu, zinang'aa, kama vitu vya kuchongwa
na mtu asiye na haraka.

Nikampigia Velta. Usiku huohuo.
"Mmea upi?" Kisha: "Aa, ule! Umechanua?
Miaka tisa, Ojārs. Sijawahi kuliona ua lake.
Kila ikifika Aprili nilivipunguza vijiti vyake, viwe nadhifu."
Nikamuuliza, nani aliandika ile karatasi?
"Karatasi gani?"
Iliyo chini ya chungu.
"Bili ya gesi hiyo. Ya kuzuia maji kwenye meza."

Sikusema neno kuhusu sweta.

"Linanukaje?" akauliza.
Nikafikiri: jamu, sabuni, kitu fulani cha utotoni,
nikashindwa.
Nikausogeza mkono wa simu kwenye maua,
nikausikia mbali, mdogo, ukivuta pumzi,
nikasimama hivyo
mpaka kiwiko kikaniuma.